Chuo kina mashine moja inayofanya kazi. Nihame?

BARUA

Shikamoo Mama Jiliwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya karakana yetu, nasubiri zamu yangu ya mashine. Leo ni Alhamisi. Zamu yangu ilikuwa Jumanne.

Nina miaka 20, kwetu ni Mafinga. Kidato cha nne nilipata divisheni four, ila fizikia nilipata C na hesabu D. Mama anauza maandazi stendi, na kati ya vyuo vyote tulivyoulizia, ada aliyoiweza ilikuwa ya kimoja tu, kidogo, huku mkoani Njombe. Sitakitaja jina. Fani yangu inaitwa Teknolojia ya Uzalishaji Viwandani. Kusema kweli ni jina lililonivuta. Nilidhani nitakuta kitu kinachofanana na kiwanda.

Nilichokuta ni banda lenye mashine tatu za kukereza, zile zinazozungusha chuma ili kisu kikichonge. Moja inafanya kazi. Ya pili wameinyofoa vipuri ili ya kwanza iendelee kuishi. Ya tatu sijawahi kuisikia ikinguruma. Mashine ya milingi ipo, haina visu. Tuko 11 darasani, wasichana ni mimi na mwenzangu mmoja.

Wiki tatu za kwanza tulipiga tupa. Unapewa kipande cha chuma, unakibana kwenye jiliwa, unapiga tupa mpaka mkono unakufa ganzi. Mwalimu anakuja na skwea yake, anakielekeza kipande dirishani aone mwanga unapita wapi, anasema "rudia", anaondoka. Nilirudia mara saba. Sikuona hiyo inahusiana vipi na viwanda.

Sasa tuko muhula wa tatu, na hiyo mashine moja tuliyonayo ina vituko. Mkanda wa kubadilishia spidi umekwama, inakimbia mizunguko 600 kwa dakika tu, uweke chuma kinene au chembamba. Visu vinaungua, vinageuka rangi ya bluu, na kila kisu kikiungua aliyekuwa kwenye mashine analipa shilingi 5,000. Mimi nimeshalipa mara nne. Pia inatoa koni: nikishika shafti ya milimita 150 kati ya ncha mbili na kuikereza yote, upande wa kichwa cha nyuma, kile kinachoshikilia mwisho wa shafti, unabaki mnene kuliko wa mbele kwa milimita 0.06. Mwalimu anasema mashine ni ya zamani, tuvumilie. Mkuu wa chuo naye alitukusanya akatuambia usajili uko kwenye hatua za mwisho, tusiwe na wasiwasi.

Binamu yangu yuko Dar. Ananiambia napoteza muda, kwamba siku hizi ni mashine za CNC zinazoongozwa na kompyuta, na kama ni kuchonga vyuma kwa mkono basi pale mtaani Gerezani watu wanachonga kila kitu na hawajakanyaga chuo. Anataka niache nikasomee uopereta wa ekskaveta, miezi michache tu, halafu atanitafutia kazi.

Na kuna suala la field. Natakiwa wiki nane, mahali natafuta mwenyewe. Nimepata sehemu mbili. Moja ni kiwanda cha vinywaji Dar, kupitia rafiki wa mama; waliotutangulia wanasema mwanafunzi wa field pale anapangwa kufunga maboksi. Nyingine ni karakana ya mafundi wawili kwetu Mafinga wanaotengeneza vipuri vya dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao. Mmoja alipojua mwanafunzi mwenyewe ni msichana alicheka, lakini hakukataa.

Nihame chuo, niache kabisa, au nivumilie? Na field niende wapi?

Binti wa Mbao, Mafinga

JIBU LA MAMA JILIWA

Marahaba, binti yangu. Pole na hizo shilingi 20,000 za visu. Nitazirudia, maana hukustahili kuzilipa.

Nianze na sentensi uliyoipita mbio kuliko zote, ile ya usajili kuwa kwenye "hatua za mwisho". Umeibana katikati ya koni na CNC kama jambo la mkuu wa chuo. Hilo ni lako, na ndilo la kwanza kulishughulikia wiki ijayo kabla ya mengine yote.

Hapa Tanzania vyuo vya ufundi stadi husajiliwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Chuo kilichosajiliwa kina namba, na namba hiyo si siri ya mtu. Lakini usiishie hapo. Uliza kama fani yenu yenyewe imeidhinishwa, na kama majina yenu yatapelekwa kufanya mtihani wa NVA, ule wa taifa wa ufundi stadi, wa ngazi ya kwanza, ya pili au ya tatu. Chuo kinaweza kuwa na namba ya ushonaji na uashi, kikafungua fani mpya yenye jina zuri kwa sababu jina hilo linavuta watoto wa watu, halafu mwisho mkapewa cheti chenye mhuri wa chuo tu. Cheti hicho utakipeleka kiwandani, ofisa atakisoma kwa heshima zote, kisha atakurudishia.

Nenda na mwenzako, msiende mmoja mmoja. Semeni kwa adabu: "Tunaomba kuona barua ya usajili ya fani yetu, wazazi wanaulizia." Wazazi ni ngao nzuri katika mambo haya. Kisha, hata mkionyeshwa, hakikisheni wenyewe na baraza. Kama hakuna barua, mama asilipe ada ya muhula mwingine mpaka ionekane. Ulichokwisha kujifunza hakipotei: utahamia chuo kilichosajiliwa, cha VETA au cha mtu binafsi, na mkono wako utahama nawe. Na upo utaratibu wa VETA wa kuurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi aijuayo na kupewa cheti. Hao wa Gerezani ambao binamu yako anasema hawajakanyaga chuo, wapo waliopita njia hiyo.

Kwa hiyo swali la "nihame" linajibiwa na barua ya usajili. Hali ya mashine hailijibu. Ikiwa hakuna usajili, hama hata kama wana mashine kumi mpya. Ikiwa upo, kaa umalize, nami nitakueleza kwa nini.

Tuanze na visu. Chukua kalamu. Kisu cha HSS, ile aina ya chuma kigumu cha kukatia, kinapokata chuma laini hupenda mwendo wa mita 25 hivi kwa dakika, na mwendo huo unapimwa pale kisu kinapogusana na chuma. Mizunguko unaipata hivi: 1000 mara mwendo, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Chuma chako kikiwa cha milimita 40, unapata mizunguko 200 hivi. Ninyi mnakizungusha kwa 600. Maana yake kisu kinakutana na mwendo wa mita 75 kwa dakika, mara tatu ya ule kinaouweza, ndiyo maana kinageuka bluu. Piga hesabu kinyumenyume uone mashine hiyo, kwa spidi yake hiyo moja, inafaa chuma cha ukubwa gani kwa kisu cha HSS: kama milimita 13. Ninyi mnaikerezea shafti.

Hilo si kosa la mwanafunzi, na kumtoza mtu kwa kisu kilichounguzwa na mkanda uliokwama si haki. Lakini ukienda kulalamika mikono mitupu utaambiwa uvumilie. Nenda na hesabu hiyo kwenye karatasi. Mwombe mwalimu mambo mawili, mkanda ufunguliwe darasa zima likiwepo, liwe somo, au mpewe visu vyenye ncha ya kabaidi, ngumu kuliko HSS, ambavyo mwendo wa mita 75 kwenye chuma laini si tatizo kwavyo ilimradi msichimbe kwa pupa. Mwalimu mzuri atafurahi. Asiyefurahi angalau atajua kuwa unajua.

Sasa koni. Nimependa sana kwamba umeniandikia 0.06 na upande gani ni mnene. Wengi huandika "mashine mbovu" wakaishia hapo. Shafti ikiwa kati ya ncha mbili na upande wa nyuma ukabaki mnene, kichwa cha nyuma kimekaa mbali kidogo na kisu, kimekwenda upande wa pili. Tofauti ya kipenyo ni 0.06, kwa hiyo kichwa kimepotea nusu yake, 0.03. Kilegeze, kisogeze kuja upande wako kwa 0.03 ukitumia ile saa ya kupimia yenye sumaku, kaza, kereza tena, pima. Utarudia mara mbili tatu. Koni ikigoma kuondoka, basi reli za mashine zimelika pale karibu na chaki, ile inayobana na kuzungusha kipande, mahali ambapo kila mwanafunzi tangu mashine inunuliwe amekerezea vipande vyake vifupi, na huo ni ugonjwa mwingine.

Utaniuliza 0.06 ni nini, unene wa unywele tu. Chukua beringi 6205, utaikuta kwenye mota nyingi za umeme. Tundu lake ni milimita 25. Sehemu ya shafti inayoishika, ikiwa inazunguka na beringi imebana kidogo, kwa kawaida huruhusiwa kuzidi 25 kwa kati ya 0.002 na 0.015. Nafasi yako yote ya kukosea ni 0.013. Mashine yako inakosea zaidi ya mara nne ya hapo bila kukuuliza. Kwa koni hiyo, beringi ya upande mmoja itachezacheza na ya upande mwingine itapigwa nyundo ili iingie, na beringi iliyoingia kwa nyundo haimalizi msimu.

Ndiyo sababu ulipigishwa tupa. Mwalimu alikuwa anakufundisha kuona. Mwanga unaopenya chini ya skwea ni mwembamba kuliko kitu chochote unachoweza kukishika, na baada ya kurudia mara saba jicho lako limeanza kuudai usiwepo. Mimi nilipiga tupa miezi miwili. Nilimchukia yule mzee aliyenifundisha. Baadaye nilikuja kugundua kwamba nikishika shafti iliyolika, kidole kinajua kabla kipimio cha vernia hakijatoka mfukoni.

Nikwambie nilikuwa wapi. Nilifanya kazi miaka 21 kwenye karakana ya kiwanda cha nguo. Enzi zile fedha za kigeni zilikuwa za shida, kipuri cha mashine ya kufumia kikivunjika hakiagizwi, kinachongwa. Mwaka wangu wa pili nilipewa pini 60 za milimita 25. Nikakereza, nikapima tano za kwanza kwa maikromita, zote safi. Nikajiamini. Zilizobaki nilikereza bila kupima, naimba. Jioni mzee akaja akazipanga mezani kwa mstari, kwa mpangilio niliozitoa kwenye mashine, akaniambia nipime zote 60 mbele yake na kuandika. Namba zilikuwa zinapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi. Kisu kilikuwa kinalika kidogo kidogo, na kadiri kinavyolika, pini inabaki nene zaidi. Zilizoingia kwenye matundu yake zilikuwa kama 20. Zingine nilizirudia kwa siku mbili, bila kuimba.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Mmarekani mmoja, Walter Shewhart, alichora chati ya jambo hilihili mwaka 1924, alipokuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu: unapima vipande kwa mpangilio wa kutoka kwao, unaweka nukta, na nukta zinakuambia mashine inaelekea wapi kabla hujatoa kipande kibovu. Mzee wetu hakuwa na chati. Alikuwa na meza ndefu.

Na hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri, maana ndilo hasa jibu langu. Fani yako inaitwa uzalishaji. Lakini kwa maelezo yako, mnachofanya ni kutengeneza. Mnachonga kimoja, mwalimu anapima, anatoa maksi, kinatupwa kwenye kapu. Kutengeneza na kuzalisha ni kazi mbili tofauti, ingawa mashine ni ileile. Fundi wa Gerezani, namheshimu sana, ukimpelekea gia iliyokatika meno atakutolea nyingine inayofanana nayo. Mwambie akutolee 200 zinazofanana zenyewe kwa zenyewe, uone kama uso wake haubadiliki. Kipande cha pili kuwa sawa na cha kwanza, na cha mia mbili kuwa sawa na cha pili, kwa muda na gharama unayoijua kabla hujaanza, hicho ndicho ulichokwenda kusomea. Hakihitaji CNC. Kule Portsmouth, Uingereza, miaka ya mwanzoni mwa 1800, Marc Brunel na fundi Henry Maudslay walisimika mashine 45 za kutengeneza kapi za kamba za meli za kivita, na watu 10 wakafanya kazi iliyokuwa ya watu 110. Hapakuwa na kompyuta. Kila mashine ilifanya hatua yake moja tu, na kipande kilikaa mahali palepale kila mara.

Hivyo fanya hili kwa mashine yenu mbovu. Waambie wenzako mtoe bushi 20, yaani vibomba vifupi, za aina moja, nje milimita 40, ndani 25. Mwenye saa awe mwandishi. Kumi na moja kwa mashine moja si balaa tena hapo, mmoja anakata vipande, mmoja anakereza, mmoja anatoboa, mmoja anapima, wengine wanaandika, mnabadilishana. Nikupe mfano wa hesabu. Tuseme kuandaa mashine kunachukua dakika 45, na kila bushi dakika 18. Bushi 20 ni dakika 405, karibu saa saba. Sasa weka kizuizi kwenye reli ili kisu kisimame mahali palepale bila kupima urefu kila mara, na fanyeni hatua moja kwa vipande vyote kabla ya kuhamia hatua ya pili. Maandalizi yatapanda, tuseme dakika 70, lakini kila bushi itashuka hadi dakika 11. Jumla 290, chini ya saa tano. Ila angalia: ukitaka bushi moja tu, njia ya pili inakupa hasara, dakika 81 badala ya 63. Kuanzia bushi ya nne ndipo kizuizi kinaanza kukulipa. Tafuteni hiyo namba yenu wenyewe, kwa saa yenu, kwa mashine yenu. Mwanafunzi anayeweza kumwambia mwenye kiwanda "kuanzia vipande vinne inalipa kutengeneza kizuizi" hataulizwa alisoma chuo gani.

Mkilenga kipimo, lengeni upande wa chini wa nafasi mnayoruhusiwa kwa nje ya bushi, ili kisu kikilika muwe na pa kupandia. Hilo ni zawadi kutoka kwa zile pini zangu 60.

Field: nenda Mafinga. Nimefikiria kiwanda cha Dar, na sikidharau, hata kwenye kufunga maboksi mtu mwenye macho anajifunza, anaona laini inasimama wapi na kwa nini. Kama rafiki wa mama anaweza kukupatia barua inayosema umepangwa idara ya matengenezo, nitabadili mawazo. Barua ikisema "mwanafunzi wa mafunzo" bila idara, utafunga maboksi wiki nane huku ukilipa nauli na chumba cha Dar. Hela hiyo nunua vernia yako mwenyewe ya milimita 150, hata ya bei nafuu, uende nayo kwa hao mafundi wawili.

Mafinga ina kitu ambacho Dar haina: kazi inayokuja yenyewe. Msitu wa Sao Hill uko hapo, dingdong zimejaa, na kila moja ina shafti, puli, beringi na boliti zinazochoka. Tena wenye mashine wote wanavunja vitu vilevile. Mafundi hao wanachonga kimoja kimoja kwa sababu mteja anakuja na kimoja mkononi. Wiki mbili za kwanza usiseme kitu, shika ufagio, pima kila kinachoingia na uandike kwenye daftari ni kipuri gani, cha ukubwa gani, kimeletwa mara ngapi. Wiki ya tatu onyesha daftari. Ukikuta pini moja imeletwa mara tisa, waombe wakuruhusu utoe 20 ziwekwe rafuni. Utaandika hilo kwenye ripoti yako ya field na litakuwa na uzito kuliko picha za kiwanda.

Utakutana pia na boliti za nusu inchi na za M12, yaani za milimita 12, zinafanana kwa macho, usizilazimishe. Ile ya nusu inchi ya Whitworth, Mwingereza aliyependekeza nyuzi za kipimo kimoja mwaka 1841, ina nyuzi 12 kwa inchi, yaani hatua, umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 2.1 hivi, na pembe ya nyuzi zake ni digrii 55. M12 ina hatua ya 1.75 na digrii 60. Nati ya nusu inchi inaweza kuanza kuingia kwenye boliti ya M12 lakini haitakaa sawasawa, na kijana mwenye haraka ataongeza bomba kwenye spana. Tembea na geji ya nyuzi.

Huyo fundi aliyecheka, mwache acheke. Hakukataa, na hilo ndilo la kuangalia. Nilipoanza mimi kulikuwa na mmoja aliyekataa hata kunipa ufunguo wa kabati la vifaa, na miaka sita baadaye alikuwa ananiletea vipande vyake nimpimie. Wewe kwenye mashine hakikisha tu kilemba kimebanwa, mikono ya ovaroli imefungwa, usivae glavu hata wakuambie nini, na ufunguo wa chaki usiuachie pale hata sekunde moja. Mashine haijui msichana wala mvulana, inajua kitambaa.

CNC ni nzuri, jifunze. Lakini angalia inachosema: G01 X40 Z-30 F0.2. Kwa Kiswahili chetu: nyooka mpaka kipenyo cha 40, ingia ndani milimita 30, sogea 0.2 kwa kila mzunguko. Hiyo 0.2 nani kaichagua? Spidi nani kaichagua? Mtu aliyeunguza visu akajua kwa nini. CNC ukiiandikia mizunguko 600 kwa chuma cha 40 na kisu cha HSS, itaunguza kisu hichohicho kwa utiifu mkubwa. Zipo programu za bure, FreeCAD ya kuchorea na LinuxCNC ambayo unaweza kuifanyia mazoezi kwenye kompyuta bila mashine yoyote. Kama chuo kina kompyuta hata moja ya ofisini, ombeni Jumamosi.

Uopereta ni kazi halali na una soko, sina la kumsema binamu yako. Ila hukuniandikia kwamba unaupenda. Uliniandikia 0.06.

Kwa hiyo Jumatatu ni barua ya usajili, Jumanne hesabu ya visu kwa mwalimu. Na zile bushi mkizitoa, picha sizihitaji. Nitumie vipimo vyote 20, kwa mpangilio zilivyotoka kwenye mashine, pamoja na vya zile zilizoharibika.